Kinu Mbele, Friji Nyuma: Tulivyoihamisha Nyumba Yetu Ndogo

Jumamosi

Leo tumeng'oa kizingo chote cha chini. Kwa asiyeijua nyumba yetu: ni nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya tela, urefu futi 24, upana futi 8 na nusu, sebule upande wa mbele, jiko na choo nyuma, na dari la kulalia juu ya jiko. Yote kwa jumla haifiki mita za mraba 20. Tumekaa nayo nje kidogo ya Moline, Illinois, na tangu tuiegeshe hapa magurudumu yake hayajazunguka. Majirani wanaona nyumba. Kwa sheria ni tela, lina namba za usajili na hati kama gari lolote. Sasa nimepata kazi ya unesi Greeley, Colorado, na kodi za nyumba za kule tumezisikia. Nyumba inakuja nasi.

Kizingo ni mbao na foamu ngumu zinazozunguka nyumba kuanzia sakafu hadi ardhini, ili upepo wa baridi usipite chini na kugandisha mabomba. Bila hicho, Januari ya Illinois ungeipika chai kwa barafu. Skrubu nyingi zimeshika kutu, kwa hiyo kazi ya saa moja imekula asubuhi nzima. Kila ubao nimeupa namba kwa chaki na kuupiga picha ukiwa bado mahali pake. Huko chini tumekuta viota vya panya, bisibisi iliyopotea zamani na mpira wa watoto wa jirani. Panya wenyewe hawakuwepo, lakini wamekula sehemu ya foamu, na hiyo imeenda jalalani.

Mume wangu ni dereva wa malori. Tela za watu anazivuta kila wiki bila kupepesa jicho, ila leo amelizunguka hili kimya kimya, anagonga chuma kwa kidole, anainama, anasimama. Nimemwacha.

Jumapili

Siku ya tairi. Ukizitazama kwa juu ni mpya, makucha yote yapo, kwa sababu hazijatembea. Lakini ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zetu zinasomeka 2317, maana yake zilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2017. Raba huzeeka kwa jua na kwa kusimama na uzito juu yake, na tairi ya tela huhesabiwa mzee ikifika miaka mitano au sita hata kama haijaona lami.

Papa Mapasa alikuja baada ya ibada. Ni jirani yetu, mtu wa Uvira, Kongo, baba wa mapacha, na ndiye mwenye pikapu ya Ford F-350 itakayovuta. Alipoona tairi zimelazwa nyasini alishangaa: "Dada, hizi pneu ziko nzuri sana. Juu ya nini munazitupa?" Mume wangu alikunja moja kidogo ubavuni kwa goti, nyufa zikafunguka kama za udongo wa kiangazi. Papa Mapasa akasema "Ah," akaenda kuchukua jeki yake.

Tumenunua tano, nne na ya akiba. Tukiwa tumeinua tayari, mume wangu amefungua vitovu vya magurudumu, akasafisha beringi na kupaka grisi mpya. Breki za tela hili ni za umeme: pikapu inatuma umeme, sumaku iliyo ndani ya gurudumu inavuta, breki zinashika. Kuna pia betri ndogo kwenye shingo ya tela yenye waya unaofungwa kwenye pikapu. Tela likichomoka njiani waya unang'oka na breki zinajifunga zenyewe. Betri hiyo ilikuwa imekufa kabisa. Hela yake ni ndogo, tumeweka nyingine bila majadiliano.

Nati zimekazwa kwa spana ya kipimo, na zitarudiwa baada ya maili 50 za kwanza, kwa kuwa rimu ikishajikalisha nati hulegea.

Jumatatu

Zamu yangu ya mwisho hospitalini. Keki, picha, machozi ya watu wawili watatu. Jioni mama alipiga simu kutoka Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa mnahama na nyumba. Na paa lake?"

"Na paa lake, mama."

"Na choo?"

"Na choo."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nani analinda kiwanja.

Jumanne

Leo ndani. Watu hudhani nyumba ndogo ni rahisi kufungasha kwa kuwa vitu ni vichache. Vitu ni vichache kweli, lakini vinabaki humo humo ndani, na humo ndani mtakuwa na mtikisiko kwa maili karibu 800. Anayehamia kwa lori la mizigo anaweka kila kitu kwenye boksi na kuondoka na boksi. Sisi boksi letu ni nyumba yenyewe, ina vioo, mabomba, rafu na milango inayopenda kufunguka.

Nimeanza na kuta. Chochote kilichotundikwa kimeshuka: picha, saa, rafu ya viungo, taa ya kuning'inia. Kioo kikubwa cha bafuni nimekifunga kwa blanketi nikakilaza katikati ya godoro la darini, na hicho pekee ndicho kitu kigumu nilichoruhusu juu. Uzito ukikaa juu nyumba inayumba kwenye kona, kwa hiyo darini ni nguo, mito na mablanketi basi.

Sahani nimezisimamisha kwa ubavu ndani ya boksi, kila moja imetengwa na mwenzake kwa kanga. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote kwenye kila shimo la barabara. Zikisimama, kila moja hujibeba. Glasi zimeingia ndani ya soksi za mume wangu. Hakuulizwa.

Droo zina vifungo, lakini nimeongeza selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kwa sababu haing'oi vanishi. Hii ya kahawia ya kufungia maboksi usiiguse mbao yako nayo.

Jumatano

Friji imezimwa, imefutwa, mlango umefungwa kwa mkanda wa racheti. Sahani ya kioo ya maikrowevu imetoka. Grili za jiko la gesi zimetoka. Ngazi ya darini imefungwa ukutani kwa kamba sehemu mbili. Mashine ya kufulia imerudishiwa zile boliti za safari zinazoshika pipa lisicheze. Tulizihifadhi tangu iliponunuliwa, ndani ya bahasha iliyobandikwa nyuma yake, na hilo lilikuwa wazo la mume wangu, nakubali.

Mitungi ya gesi imefungwa vali na kukazwa kwenye kiti chake cha chuma mbele. Choo chetu hakitumii maji, kwa hiyo kimemwagwa na kusuguliwa, sitaeleza zaidi.

Maji ndiyo yaliyonipa mawazo. Tangi letu linabeba galoni 40, na galoni moja ya maji ina uzito wa paundi 8 na theluthi, kwa hiyo likijaa ni paundi zaidi ya 330, kilo 150 zinazochezacheza nyuma ya ekseli. Nikalimwaga lote. Mabomba nayo tumeyapuliza kwa kompresa mpaka yakatema hewa tupu, maana mwisho wa Machi usiku bado unaganda. Tutakunywa ya chupa na kunawa kwenye vituo vya malori kama madereva wengine.

Vitu vizito nimeviacha vilipokuwa: magunia ya mchele kwenye stoo ya jikoni, vitabu chini ya ngazi, masanduku ya spana bafuni, cherehani yangu ya kichwa cha chuma karibu na mlango wa nyuma. Mume wangu alitaka tuvihamishe leo leo. Nikamwambia bila mizani tunabahatisha tu. Kaka yake babu alikuwa nahodha wa jahazi kati ya Tanga na Pemba, na hadithi zake zote ziliishia kwenye farumi, mawe ya kukitulizia chombo: mawe hayapangwi kwa macho, unapanga, unashuka, unaangalia chombo kimekaaje majini, unapanda tena. Sisi maji yetu ni mizani ya malori ya Walcott, njiani. Akacheka, akaviacha.

Alhamisi

Papa Mapasa amerudi nyuma na pikapu saa mbili asubuhi, taratibu, mume wangu akimwonyesha kwa mikono. Shingo ya tela inakaa juu ya mpira wa chuma wenye kipenyo cha inchi 2 na 5/16. Minyororo miwili inapita chini yake ikiwa imepishana kama mkasi, ili shingo ikichomoka idakwe isichimbe lami. Plagi ya pini saba, halafu mmoja anakaa garini na mwingine anapiga kelele nyuma: indiketa kushoto, kulia, breki, taa za usiku. Taa moja ya kimo juu ya paa ilikataa. Ilikuwa kutu kwenye soketi, imepigwa msasa, imewaka.

Kisha vipimo. Illinois na Iowa mwisho wa kimo ni futi 13 na inchi 6. Nebraska na Colorado wanaruhusu futi moja zaidi, lakini unajenga kwa kufuata aliye mkali. Bomba la moshi la jiko letu la kuni limeshushwa, tundu likafunikwa kwa bati na silikoni. Tukapima tukiwa tumeshaunganisha na tairi zimejaa upepo, kwa sababu kimo cha nyumba iliyokaa juu ya matofali si kimo cha nyumba iliyo barabarani: futi 13 na inchi 4. Nimeandika tarakimu hizo kwa kalamu nene kwenye karatasi nikaibandika mbele ya uso wa Papa Mapasa.

Anaona nazidisha. Nikamwonyesha video za lile daraja la reli la Durham, North Carolina, lililokuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8 na kuchuna mapaa ya malori miaka nenda rudi. Mwaka 2019 waliliinua hadi futi 12 na inchi 4, na malori bado yanaligonga. "Mungu wangu," akasema, akairudia mara kadhaa. Karatasi imebaki. Ramani ya simu haijui kimo cha gari lako. Mume wangu amebeba atlasi ya madereva wa malori yenye orodha ya madaraja ya chini. Barabara kuu yenyewe si tatizo kubwa. Mtego upo ukitoka kwenda kutafuta chakula, au chini ya paa la kituo cha mafuta cha magari madogo.

Ijumaa

Tumetoka saa kumi na mbili alfajiri. Majirani watatu walisimama na vikombe vya kahawa kuangalia nyumba ikiondoka. Ilitoa mlio mrefu, kisha ikaja.

Tulivuka Mississippi jua likichomoza, tukaingia Iowa, mwendo maili 45 kwa saa na taa za tahadhari. Nilikuwa nyuma na gari letu dogo, na nilichokiona sikukipenda: kila lori kubwa likipita, mkia wa nyumba unatikisika mara mbili tatu kabla ya kutulia. Mume wangu, aliyekaa na Papa Mapasa, aliniambia kwa simu kwamba nao wanausikia.

Walcott si mbali. Pale pana Iowa 80, kituo kinachojulikana kuwa kikubwa kuliko vyote duniani kwa malori, na mizani ya CAT. Hiyo mizani ina majukwaa matatu, kwa hiyo unapata uzito wa ekseli ya mbele ya pikapu, ya nyuma, na wa ekseli za tela, kila moja kwenye mstari wake. Pikapu tulishaipima ikiwa peke yake na watu wawili ndani: paundi 7,900. Leo, ikiwa na nyumba nyuma, ekseli zake mbili zilisoma jumla ya 8,720, na ekseli za tela 10,780. Hesabu ni ya shule ya msingi: nyumba nzima ni paundi 11,600, kilo 5,260 hivi, chini kabisa ya 14,000 ambazo tela linaruhusiwa. Ila shingo inaikandamiza pikapu kwa paundi 820 tu, asilimia 7. Inayotakiwa ni kati ya 10 na 15. Ikipungua, nyuma ndiyo inayoongoza, na ukiongeza mwendo ule mtikisiko hautulii tena, unakua.

Basi tukaegesha pembeni na kazi ikaanza. Magunia manne ya mchele ya paundi 50 yamepita kutoka stoo hadi sebuleni. Vitabu vyote. Masanduku ya spana. Cherehani. Kinu cha mninga alichonipa mama mkwe, na mchi wake, ambao dereva mmoja mwenye ndevu nyeupe aliuliza kama ni gongo la besiboli. Papa Mapasa ndiye aliyekuwa mpangaji: "Mama, weka hii machine hapa chini, karibu ya ukuta. Hii ya muzito yote iende mbele." Kila kitu kikakazwa kwenye pete za sakafuni kwa mikanda, na chini ya kila kitu mkeka wa raba.

Ukirudia kupima ndani ya siku moja hulipi tena bei kamili. Ekseli za pikapu: 9,290. Za tela: 10,210. Shingo paundi 1,390, asilimia 12. Mume wangu aliibusu ile risiti mbele za watu.

Tulikaza nati, tukaondoka. Malori yalipita, nyumba ikanyooka kama imepigwa pima maji. Tumepita Des Moines jioni na tumelala kwenye kambi ya magari upande wake wa magharibi, godoro sebuleni katikati ya mchele na vitabu.

Jumamosi

Omaha, Lincoln, kisha Nebraska inanyooka na haina haraka. Mwendo wetu ni maili 55 hadi 60. Baadhi ya tairi za tela hazijatengenezwa kwa zaidi ya 65, hata kama sheria inakuruhusu 75. Tunakwenda maili 9 kwa galoni moja ya dizeli na Papa Mapasa anaitazama geji ya mafuta kama anamtazama mgonjwa.

Kila tunaposimama ni utaratibu uleule: mkono kwenye kila kitovu kusikia joto, jicho kwenye tairi, minyororo, plagi, halafu naingia ndani. Droo moja imejifungua pamoja na selotepu yake, vijiko vimetawanyika. Hakuna kingine.

Tumefika Kearney saa kumi na moja. Utabiri wa kesho unasema upepo wa kusini wenye vishindo vya maili 55 kwa saa. Barabara inaelekea magharibi, kwa hiyo upepo wote ungetupiga ubavuni, ukuta wa futi 24 usio na tundu la kuupitishia. Papa Mapasa anataka kuondoka usiku huu huu kuuwahi, mapacha wake wanamsubiri. Mume wangu amesema gari ni la Papa Mapasa, nyumba ni yetu, na nyumba haitoki. Mambo yalikuwa mazito kidogo kabla ya chakula, yakalainika baada yake.

Jumapili

Tumekaa. Upepo ulianza saa tatu na nyumba ikawa inatikisika ikiwa imesimama, imefungwa, na jeki za pembeni zimeshushwa. Mchana tuliona lori tupu limelala mtaroni kando ya barabara kuu namba 80, hii tunayoifuata. Dereva alikuwa amesimama salama anaongea na simu. Papa Mapasa aliliangalia muda mrefu, hakusema neno kuhusu kuondoka.

Jioni upepo ulipopungua tulikwenda mtoni Platte na gari dogo. Korongo wa huku wanapumzika kwenye mto huu kila mwaka kati ya Februari na Aprili, zaidi ya nusu milioni, wakiokota mahindi yaliyobaki mashambani kabla ya kupaa kaskazini. Kelele yao unaisikia kabla hujawaona. Papa Mapasa amerekodi dakika nyingi kwa ajili ya mapacha.

Jumatatu

Kumetulia. Tumetoka gizani, tukajaza dizeli North Platte, mji wenye yadi ya kupangia mabehewa iliyo kubwa kuliko zote duniani, na mbele kidogo saa zikarudi nyuma kwa saa moja. Tukaiacha barabara ya 80 tukashika ya 76 kuingia Colorado, nyanda kavu za njano hadi Fort Morgan, halafu ya 34.

Greeley tumefika alasiri. Kuirudisha nyuma nyumba kwenye nafasi yake kulihitaji sauti za watu wanne na uvumilivu wa mmoja. Ardhi ina mteremko, upande wa kushoto umeinuliwa kwa vipande vya mbao chini ya tairi mpaka pima maji ikatulia katikati, kwanza kwa upana, ndipo kwa urefu kwa jeki ya mbele. Choki za kuzuia magurudumu, jeki nne za pembeni, umeme, kisha maji taratibu huku nikiwa nimelala kifudifudi na tochi chini ya sinki. Kiungo kimoja kilikuwa kinadondosha. Robo mzunguko wa spana kimekauka. Hasara yote: kigae kimoja cha bafuni kimepata ufa, na glasi moja, ambayo soksi yake ilikuwa na tundu.

Papa Mapasa amekataa kupokea chochote zaidi ya hela ya dizeli. Amekula pilau sahani mbili, amechukua chupa ya achari ya maembe na gunia moja la mchele, na mume wangu amempa ile atlasi. Anaondoka kesho alfajiri na pikapu tupu, na amesema safari ya kurudi haendeshi maili 55 kwa ajili ya mtu yeyote.